Mgeni Njoo, Mwenyeji Augue

Weka vyungu vitatu juu ya meza. Katika cha kushoto kuna mmea mdogo uliotandaza majani yake juu ya udongo, kijani kibichi, hauna shida na mtu. Katika cha kulia kuna mwingine wa namna hiyohiyo. Katika cha kati yupo mtoto wao. Wote watatu walioteshwa siku moja, udongo mmoja, maji mamoja. Lakini mtoto amedumaa. Majani yake yamejikunja, kingo zimegeuka njano, na katikati yametapakaa madoa ya kahawia yaliyokauka kama karatasi iliyorukiwa na cheche. Lichunguze jani lake upendavyo: hakuna kuvu, hakuna bakteria, hakuna virusi, hakuna mdudu aliyelifyonza. Anaumwa, na hakuna aliyemwambukiza.

Sasa chukua mbegu nyingine ya uzao huohuo, uipande kwenye chumba chenye nyuzijoto 23 badala ya 16. Inaota, inakua, inatoa maua kama wazazi wake. Nyuzi saba tu ndizo zilizotenganisha uhai na kaburi.

Kisa hiki kilielezwa mwaka 2007 na Kirsten Bomblies, Detlef Weigel na wenzao wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani. Mmea wenyewe ni Arabidopsis thaliana, gugu la ukoo mmoja na kabichi na sukuma wiki. Sokoni halina bei, lakini kwa wataalamu wa mimea ndilo linalofanya kazi ambayo panya hufanya katika maabara za tiba. Wazazi wa yule mgonjwa hawakutoka mabara mawili. Wote asili yao ni Umkirch, kusini magharibi mwa Ujerumani. Watafiti hao walikusanya nasaba 280 za gugu hilo, wakafanya michanganyo 861, na takriban asilimia 2 ya michanganyo ikazaa watoto wa namna ile. Walipotazama jeni zinazofanya kazi ndani ya jani la chotara mgonjwa, walikuta ni zilezile zinazoamka mmea unaposhambuliwa na vimelea. Kinga ilikuwa vitani usiku na mchana, na adui hayupo.

Sisi tunaoshughulika na mbegu tumezoea kuzungumza kuhusu jeni za kinga kama fundi anavyozungumza kuhusu matofali: hili imara, lile dhaifu, chukua imara uongeze ukutani. Naomba tuache lugha hiyo. Jeni ya kinga ni jirani, si tofali. Ubora wake hauko ndani yake peke yake, uko katika wale inaoishi nao.

Tuanze na jinsi mmea unavyojilinda. Mmea hauna damu inayosafirisha askari kutoka kiungo hadi kiungo, kwa hiyo kila seli inajilinda yenyewe. Ndani ya seli zimo protini za ulinzi, na kundi kubwa kuliko yote wataalamu wanaliita NLR. Kazi ya protini hizi ni kutambua kwamba kimelea kimeingia, kisha kuipa seli amri ya kufa. Ndiyo, kufa. Kuvu kama kutu huishi kwa kunyonya seli zilizo hai, na seli ikijiua mapema mvamizi anakosa chakula. Ni kama watu wanaozima moto wa msituni kwa kufyeka njia mbele yake: unapoteza ukanda wa miti ili msitu ubaki.

Mwaka 2020 umbo la mojawapo ya walinzi hawa, RPP1, lilionekana waziwazi. Protini nne hushikana na kuwa kitu kimoja, na muungano huo huanza kukata molekuli ambayo seli huitegemea katika shughuli zake za nishati. Hapo safari ya kifo imeanza. Mashine ya namna hiyo lazima iwe na kufuli nzuri. Katika wale wazazi wa Umkirch, mmoja alibeba toleo la jeni ya kundi hilihili la RPP1, na mwenzake alibeba jeni nyingine ya NLR, mahali tofauti kabisa kwenye kromosomu. Kila moja kwa mzazi wake ilikuwa imefungwa vizuri. Ndani ya mtoto protini za jeni hizo mbili zinakutana kwa mara ya kwanza, zinashikana, na kufuli inafunguka. Wafyeka njia wanaingia msituni na moto haujawaka, wala hakuna wa kuwaambia waache.

Swali la kwanza ambalo mtu mwenye akili atauliza ni hili: kitu kinachoua watoto kimewezaje kubaki duniani? Uteuzi wa asili si ungekifagia zamani?

Jibu ni la zamani kuliko maabara zetu. William Bateson aliligusa mwaka 1909, Theodosius Dobzhansky akalieleza katika miaka ya 1930, na Hermann Muller akalikamilisha mwaka 1942. Fikiria ukoo mmoja uliogawanyika, nusu ikabaki bondeni na nusu ikapanda mlimani. Bondeni yalizuka mabadiliko katika jeni moja. Yakaonekana hayana madhara, pengine yana faida, yakaenea. Mlimani yakazuka mabadiliko katika jeni nyingine, nayo yakaenea kwa sababu zake. Kila badiliko lilifanyiwa usaili na majirani waliokuwapo pale. Hakuna hata siku moja ambapo badiliko la bondeni lilipimwa mbele ya badiliko la mlimani. Siku wazao wakioana, usaili huo unafanyika ndani ya mtoto, naye ndiye anayelipa gharama.

Tazama kilichojificha hapo: katika hesabu hii hakuna mkosaji. Jeni ya bondeni haina dosari, ya mlimani vilevile. Ukiitafuta jeni mbaya utatafuta mpaka uchoke, kwa kuwa ubaya umo katika kukutana.

Kisa kinachoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko vyote ni cha nyanya. Nyanya zinazolimwa ndani ya nyumba za vioo husumbuliwa na ukungu wa majani unaoletwa na kuvu Cladosporium fulvum. Wazalishaji wa mbegu walikwenda kwa nyanya pori ndogo, Solanum pimpinellifolium, wakachukua jeni ya kinga iitwayo Cf-2. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hilo ndilo lililotarajiwa. Mgeni alikuja na ukungu ukashindwa. Lakini mwaka 1948 A. N. Langford aliandika kuhusu nyanya zenye kinga hiyo ambazo majani yake yalikuwa yakifa yenyewe, bila ukungu wowote. Nyanya hizo zilipona pale tu zilipokuwa na jeni ya pili, nayo pia ya kutoka kwa nyanya pori.

Maelezo yalipatikana mwaka 2002. Cf-2 haimtazami kuvu moja kwa moja. Inamtazama mfanyakazi wa ndani, protini iitwayo Rcr3, kimeng'enya ambacho kuvu hupenda kukizuia. Kuvu akimgusa Rcr3, Cf-2 inaona mabadiliko na kupiga king'ora. Ni sawa na askari wa zamu asiyekariri sura za wezi, ila anaijua vizuri komeo ya mlango wake. Komeo ikichezewa tu, anapuliza filimbi. Sasa hamisha askari huyo peke yake umpeleke kwenye nyumba nyingine. Komeo ya nyumba mpya ilitengenezwa tofauti kidogo tangu mwanzo, hakuna aliyeichezea. Askari anaikagua, haimkai akilini, anapuliza filimbi. Kesho anapuliza tena. Ile jeni ya pili ya Langford ilikuwa komeo ya nyumba ya zamani. Nyanya ilihitaji kumpokea askari pamoja na mlango wake.

Letusi, ile saladi ya majani, ina kisa cha namna hiyo. Letusi ya bustanini ilipochanganywa na ndugu yake wa porini, Lactuca saligna, baadhi ya wazao walikufa majani, na mtuhumiwa aliyepatikana mwaka 2009 ni RIN4, protini ambayo katika Arabidopsis inajulikana kuwa mojawapo ya zile zinazolindwa na NLR. Mimea ni tofauti, lakini mlango uliogombewa ni uleule.

Kwa nini iwe kinga kila mara? Mmea una makumi ya maelfu ya jeni: za maua, za mizizi, za kutengeneza sukari. Mwaka 2014 Eunyoung Chae na wenzake walichukua nasaba 80 za Arabidopsis wakazichanganya kila moja na nyingine, michanganyo zaidi ya 6,400, ili kuona ugomvi unatokea wapi. Ulijirudia katika sehemu chache za jenomu, na sehemu hizo zilijaa jeni za kinga. Lile kundi la RPP1 lilionekana tena na tena, likigombana na washirika tofauti.

Sababu ni mbio zisizo na mwisho. Jeni ya kutengeneza sukari ikishafanya kazi vizuri haina haja ya kubadilika. Jua ni lilelile. Vimelea ndio hubadilika kila msimu, na jeni za kinga hulazimika kuwafuata. Nyingi zimepangwa kwa mafungu kwenye kromosomu, nakala kando ya nakala, na wakati wa kuunda chavua na mayai nakala hizo hupishana vibaya: moja inaongezeka, nyingine inakatika, mbili zinaungana na kuzaa ya tatu. Bonde lenye ubwiri vinyoya mkali litahifadhi matoleo fulani, bonde lenye bakteria litahifadhi mengine. Kwa hiyo ukichukua mimea miwili ya spishi moja, pale ambapo imeachana zaidi ni kwenye silaha zake.

Na silaha zina gharama hata zikiwa zimetulia. Mwaka 2003 lilichapishwa jaribio la shambani lililofanyika Marekani, ambapo Arabidopsis zenye jeni ya kinga RPM1 zililinganishwa na ndugu zao wasio nayo, mahali ambapo kimelea husika hakikuwa tishio. Wenye kinga walizaa mbegu pungufu kwa takriban asilimia 9. Kwa mkulima, asilimia 9 ni magunia. Kinga kali kwenye shamba lisilo na adui ni mlinzi anayekula mshahara, na yule chotara mgonjwa anatuonyesha mshahara huo ukipanda hadi kumaliza nyumba nzima.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya magugu ya Ulaya. Twende kwenye ngano.

Wazalishaji wa ngano wanaujua ugonjwa huu tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20. Unachanganya ngano mbili nzuri, mtoto anaota vizuri, kisha majani yanaanza kufa kutoka ncha kuelekea chini, la zamani kwanza, linalofuata baadaye. Pale ugomvi unapokuwa mkali, mmea hufa kabla ya kutoa suke. Mwaka 1963 Mholanzi J. G. Th. Hermsen alipanga aina nyingi za ngano kwa kufuata jeni mbili zinazosababisha hali hiyo, Ne1 na Ne2, akaonyesha kwamba kila moja ina matoleo yenye nguvu tofauti. Ne1 peke yake haina neno. Ne2 peke yake haina neno.

Mwaka 2021 Ne2 ilitambuliwa ni nini, na jibu halikuwa geni kwa wapambanaji wa kutu: Ne2 ni Lr13, jeni ya NLR inayokinga dhidi ya kutu ya majani, iliyojulikana kwa miongo mingi kupitia ngano ya Brazil iitwayo Frontana. Yaani jeni iliyokuwa ikisambazwa kwa makusudi kama tiba ndiyo iliyokuwa ikirekodiwa na watu wengine kama sumu. Daftari la magonjwa liliiita Lr13, daftari la michanganyo iliyoshindikana liliiita Ne2, na madaftari hayo hayakuwa yamekaa meza moja.

Ugomvi wa kinga una sura nyingine pia, sura ya kimya. Mkono wa kromosomu kutoka rai, nafaka ndugu wa ngano, uliingizwa katika ngano nyingi duniani kwa sababu ulibeba fungu zima la kinga: Sr31 dhidi ya kutu ya shina, Pm8 dhidi ya ubwiri unga, na nyingine. Katika baadhi ya ngano Pm8 haikufanya kazi. Ilikuwapo, lakini ilikaa kimya, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Zürich walionyesha kwamba aliyeinyamazisha ni Pm3, jeni ya ngano yenye asili moja nayo. Walinzi wawili wa ukoo mmoja walipokutana hawakupiga king'ora bila sababu. Mmoja alimziba mwenzake mdomo.

Na Sr31? Mwaka 1998 huko Uganda ilionekana kutu ya shina iliyoishinda, ikapewa jina Ug99. Tangu hapo mashamba ya utafiti ya Njoro, Kenya, yamekuwa mahali ambapo maelfu ya ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili zipimwe mbele ya kutu. Fundisho ambalo wengi walilipata ni kwamba jeni moja haitoshi, zirundikwe kadhaa. Ni fundisho sahihi. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi ya ngano iliyowekewa jeni tano za kinga kwa mpigo. Lakini kadiri rundo linavyokua ndivyo idadi ya watakaokutana inavyoongezeka. Jeni tano zina jozi kumi kati yao, mbali ya maelfu ya jeni za mwenyeji. Kila jozi ni ndoa inayohitaji kuulizwa.

Kwenye maharage swali hili linaingia mpaka sufuriani kwetu. Maharage yalifanywa zao mara mbili, na watu tofauti: huko Meksiko na jirani zake, na katika milima ya Andes. Makundi haya mawili yalikuwa yameachana porini kwa muda mrefu kabla ya mkulima wa kwanza. Yote mawili yalifika Afrika Mashariki, mbegu kubwa za Andes kama Rosecoco na Lyamungu, na mbegu ndogo za Meksiko kama yale meupe ya kopo. Mwaka 1985 Paul Gepts na F. A. Bliss walieleza kwamba udhaifu wa machotara kati ya mbegu ndogo na kubwa ulikuwa ushahidi wa makundi hayo mawili. Jeni zinazohusika zinaitwa DL1, inayopatikana zaidi upande wa Meksiko, na DL2, upande wa Andes. Majaribio ya kubebesha yalionyesha kwamba DL1 huleta matata upande wa mizizi na DL2 upande wa shina. Ni binamu wa kisa chetu: katika ngano ugomvi huonekana kwenye jani, katika haragwe shina na mzizi wake vinakosa kuelewana.

Mtu angesema basi tuyaache makundi hayo yaishi mbalimbali. Hatuwezi. Kuvu anayeleta madoa yenye pembe kwenye majani ya maharage, Pseudocercospora griseola, naye amegawanyika makundi mawili yanayofuata yale ya maharage. Aliyezoea Andes huyatesa zaidi maharage ya Andes. Kinga nzuri dhidi yake mara nyingi iko kwa maharage ya Meksiko, ng'ambo ya ukuta uleule wa DL1 na DL2. Mzalishaji wa mbegu anayefungua chipukizi la ua asubuhi, akang'oa kwa kibano vibeba chavua kumi kimoja kimoja bila kuigusa sehemu ya kike iliyo katikati, kisha akapaka chavua ya ua jingine, amefanya kazi ya subira kubwa. Ana haki ya kujua mapema kama anafunga ndoa au anachimba kaburi.

Nini kifanyike? La kwanza, joto. Ugomvi mwingi wa NLR hulala kwenye joto na kuamka kwenye baridi. Yule mtoto wa Umkirch ni shahidi. Mchanganyo uliooteshwa kwenye nyumba ya kitalu yenye joto unaweza kuonekana salama, kisha ukaanza kufa majani ukipelekwa nyanda za juu ambako ngano yetu hulimwa. Upimwe huko mapema, kabla ya miaka ya kazi kuwekezwa. La pili, tusitupe vilivyoshindikana bila kuviandika. Chotara aliyekufa si aibu ya mtafiti, ni ramani ya mahali jeni mbili zinapogombana. Ndiyo maana madaftari ya akina Langford na Hermsen yalikuja kuwa na thamani baada ya miongo kadhaa. La tatu, tunapoleta jeni ya kinga kutoka porini, tuulize ilikuwa ikilinda nini huko, na kama huo mlango wake tumeuleta.

Kuna haragwe la kutambaa lililotoka Meksiko, namba yake katika hifadhi ya mbegu ni G2333, ambalo limekusanya jeni tatu za kinga dhidi ya ugonjwa wa chule na kuzibeba bila kugombana. Rwanda ililipokea na kulipa jina Umubano. Neno hilo linatokana na kitenzi kubana, ambacho kwa Kinyarwanda maana yake ni kuishi pamoja. Kwa Kiswahili, kubana ni kugandamiza mpaka mtu akose pumzi. Jeni mbili za kinga zikiwekwa ndani ya seli moja hakika zitabana. Kazi ya mzalishaji wa mbegu ni kujua, kabla mkulima hajapanda, zitabana kwa lugha ipi.